Ndege Ndogo Iendayo Kasi

Hakuna nchi ambayo watoto wake hawaundi kitu. Katika pwani yetu hurusha tiara za karatasi; bara hupinda waya wakaunda magari, wakayaendesha njiani kwa fimbo ndefu. Mtu mzima apitaye hutazama, hutabasamu, kisha huenda zake akisema moyoni kwamba huo ni mchezo tu. Historia ya safari za angani yamwonya asiseme hivyo kwa haraka. Kabla mtu hajaruka kwa injini, ndege ndogo ilitangulia kuruka. Na hata sasa, baada ya mtu kwisha kuzoea anga, ndege ndogo ingali mwalimu. Insha hii yaeleza jinsi ndege ya mfano iongozwayo kwa redio ilivyopatikana, na jinsi ile iendayo kasi inavyoundwa kutoka katika sanduku la vipande hata ikawa tayari kushindana. Habari zake ni nyingi, lakini fundisho lake ni moja: hewa haipokei udhuru.

Mwaka 1871 mji wa Paris ulikuwa katika majonzi. Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani, na jumba la kifalme la Tuileries lilikuwa limeteketea kwa moto mwezi wa Mei. Tarehe 18 Agosti ya mwaka huo, katika bustani ya jumba hilo, kijana wa miaka 21, Alphonse Pénaud, alisimama mbele ya wataalamu ili wawe mashahidi wa jaribio lake. Maradhi ya nyonga yalikuwa yamemfungia njia ya kuwa baharia kama baba yake. Mkononi alishika kijiti chembamba chenye mabawa, mkia, na rafadha upande wa nyuma, vyote pamoja visivyofika uzito wa gramu 20. Rafadha ilizungushwa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Alipokiachilia, chombo kilikwenda peke yake yapata mita 40 kwa muda wa sekunde 11.

Wengine kabla yake walikuwa wamekwisha kurusha vitu. Ajabu ya Pénaud haikuwa kuruka, bali kuruka kwa utulivu. Aliinua kidogo ncha za mabawa, ili chombo kikiinama upande mmoja kijirudishe. Aliuweka mkia kwa pembe ndogo, ili pua ikishuka iinuke, na ikiinuka kupita kiasi ishuke. Tena aliupanga uzito mahali paupasapo. Miaka 5 baadaye alichora ndege kubwa ya kuchukua watu wawili, lakini hakupata mtu wa kutoa fedha za kuiunda. Mwaka 1880, akiwa na miaka 30, alikata tamaa akajiua. Mbegu yake, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuanguka katika udongo mwingine.

Siku moja baada ya kurushwa kwa kijiti kile, yaani tarehe 19 Agosti 1871, alizaliwa katika mji wa Dayton, Marekani, mtoto aliyeitwa Orville Wright. Mwaka 1878 baba yake, aliyekuwa askofu, alirudi safarini na zawadi: kichezeo chepesi kilichozunguka na kupaa kwa nguvu ya mpira, mfano wa kazi ya Pénaud. Orville alikuwa na miaka 7, na kaka yake Wilbur alikuwa na miaka 11. Kilipoharibika, waliunda vingine kwa mikono yao wenyewe. Hapo wakakutana na jambo lililowashangaza: kila walipokiunda kikubwa zaidi, kiliruka vibaya zaidi.

Sababu yake mwanafunzi wa hesabu aweza kuipata kwa kalamu. Ukizidisha urefu wa kitu mara 2, eneo la mabawa yake huwa mara 4, lakini ujazo wake, na pamoja nao uzito, huwa mara 8. Kila kipande cha bawa basi hutwikwa mzigo maradufu. Kitu kikubwa si kitu kidogo kilichonenepa. Ni kitu kingine, na chadai hesabu yake.

Samuel Langley, mtaalamu wa nyota na mkuu wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, alilipa gharama ya somo hilo mbele ya macho ya watu. Tarehe 6 Mei 1896 ndege yake ya mfano, iliyoendeshwa kwa injini ya mvuke na isiyokuwa na mtu ndani, iliruka yapata kilometa 1 juu ya mto Potomac. Serikali ikampa dola 50,000 aunde ndege ya kuchukua mtu. Aliunda kwa umbo lile lile, lakini mifupa ya chombo kile kikubwa haikuwa na nguvu ya kutosha. Tarehe 7 Oktoba 1903, na tena tarehe 8 Desemba, ndege ilitumbukia mtoni, na rubani akaokolewa majini. Siku 9 baadaye, tarehe 17 Desemba, ndugu wa Wright waliruka. Wao pia walikuwa wametumia mifano. Mwaka 1901 waliunda sanduku la kupitisha upepo, wakapima ndani yake mabawa madogo mengi, moja baada ya jingine. Langley aliliamini umbo la ndege yake ndogo. Ndugu wale waliuliza maswali wakaandika majibu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowatenganisha walioanguka na walioruka.

Ndege zote za mfano za zamani hizo zilikuwa na upungufu mmoja: zikisha kutoka mkononi, hazikuwa na mwenyewe. Zilikwenda upepo upendako. Njia ya kuziongoza ilionekana mwaka 1898, wakati Nikola Tesla alipowaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyogeuka kwa amri isiyopita katika waya wowote. Lakini mashua yaweza kubeba mzigo mzito, ndege haiwezi. Redio za siku zile zilitumia vali za kioo na betri nzito, hata ilibidi miaka mingi ipite kabla ya mzigo huo kupungua.

Waliofanikiwa kati ya watu wa kwanza walikuwa mapacha wawili wa mji wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, Walter na William Good. Walter aliijua ndege, William aliijua redio. Kila mmoja alimletea mwenzake alichokosa. Ndege yao, waliyoiita Big Guff, ilikuwa na mabawa ya futi 8, yaani karibu mita 2 na nusu kutoka ncha hata ncha. Ilianza kuruka mwaka 1937, na mwaka 1938 ikapata ushindi katika mashindano ya taifa ya Marekani. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya anga ya Smithsonian, taasisi ile ile aliyoiongoza Langley.

Uongozi wa siku zile ulikuwa wa kubahatisha. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa hii: mrushaji alibonyeza kitufe, redio ikafungua komeo dogo, na mpira uliosokotwa ukausukuma usukani kulia, akiachilia, usukani ulirudi katikati, akibonyeza tena, ulikwenda kushoto. Hapakuwa na kidogo wala kiasi. Palikuwa na yote au hakuna. Katika miaka ya 1950 zilitumika redio zenye vipande vyembamba vya chuma, kila kimoja kikitikisika kwa sauti yake na kuamuru usukani wake. Katika miaka ya 1960 transista zilileta uongozi wa kadiri: kidole kikisogea kidogo, usukani husogea kidogo, kikisogea sana, nao husogea sana. Tangu hapo ndege ilitii mkono kama kalamu itiivyo mwandishi.

Mambo mengine mawili yalihitajika ili kasi ipatikane, nayo ni mti na moto. Mti ni balsa, umeao katika nchi za joto za Amerika, hasa Ekwado. Hukua upesi sana, na mbao zake zikikauka huwa nyepesi ajabu huku zikiwa na nguvu. Jina lake katika Kihispania maana yake ni chelezo, na kwa chelezo cha magogo yake Thor Heyerdahl alivuka bahari ya Pasifiki kutoka Peru mwaka 1947 kwa siku 101. Moto ulipatikana mwaka huo huo, wakati Ray Arden wa Marekani alipoanza kuuza plagi ndogo yenye uzi wa waya usiopoa. Kwa plagi hiyo injini ndogo haikuhitaji tena betri ya kuwashia cheche angani. Hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, na mara nyingi mafuta hayo ni ya mbarika, yale yale wazee walitunywesha kwa nguvu tulipoumwa na tumbo.

Ndege ikiwa nyepesi, yenye nguvu na yenye utii, binadamu hawezi kuiacha bila kushindana. Katika mashindano ya kuzunguka milingoti, ndege huruka katika pembe tatu, zikipinda kushoto daima, mizunguko 10. Katika daraja la juu la kimataifa mwendo wote ni kilometa 4, na washindi huumaliza kwa muda wa karibu dakika 1. Jamii nyepesi kidogo, iliyoanza Marekani katika miaka ya 1970, huitwa Quickie 500, kwa kuwa eneo la bawa lake halipungui inchi 500 za mraba. Injini yake ni ya sentimita 6.5 za ujazo. Hiyo ndiyo ndege ambayo fundi hujifunzia kasi, na ndiyo tutakayoitazama ikiundwa.

Fundi afunguapo sanduku hukuta ramani yenye ukubwa kamili wa ndege, vipande vya balsa na vya mbao za matabaka, na mabawa mawili ya povu gumu yaliyokatwa kwa waya wa moto. Mtu wa pupa hushika gundi mara moja. Fundi hushika ramani kwanza. Huisoma mwanzo hata mwisho kama msomi asomavyo hati ya deni. Kisha hupima uzito wa vipande. Mbao mbili za balsa zilizo sawa kwa macho zaweza kuwa mbalimbali sana kwa uzito. Ile nzito huwekwa mbele au katikati, na ile nyepesi huachiwa mkia. Gramu moja iliyozidi mkiani hudai gramu kadhaa za risasi puani ili kurudisha mizani, na gramu zote hizo zitabebwa katika kila mzunguko.

Kiwiliwili huundwa juu ya ubao ulionyooka kweli kweli, uliohakikishwa kwa pimamaji. Ubao ukipinda, ndege itapinda; na gundi ikisha kukauka hakuna dua ya kuinyosha. Samaki hukunjwa angali mbichi. Ubao wa kushikia injini hutiwa gundi ya epoksi na kuimarishwa pembeni, maana injini yake huzunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, na mtikiso wake hutafuta kila kiungo kilichofanywa kwa uvivu. Mabawa ya povu hufunikwa kwa ubao mwembamba wa balsa, yakaunganishwa katikati, na kiungo hicho kikavikwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa kwa epoksi.

Kwa nini kiungo hicho kitunzwe hivyo? Tupige hesabu. Ndege yenye uzito wa kilo 1.75, ikienda kilometa 200 kwa saa na kupinda katika duara lenye nusu kipenyo cha mita 20, husukumwa kwa nguvu ipitayo uzito wake mara 15. Bawa lile jembamba basi hubeba mzigo wa zaidi ya kilo 26, karibu uzito wa mtoto wa shule ya msingi. Mwenye kuijua hesabu hiyo hatapunguza kitambaa ili kuokoa shilingi.

Baada ya kuunda huja kunyosha. Fundi hufunga uzi mkiani, akapima hata ncha ya bawa la kulia, kisha hata ncha ya bawa la kushoto. Vipimo viwili vikipishana, bawa halikukaa sawa. Husimama nyuma ya ndege akaitazama kama seremala atazamavyo mlango kwa timazi, aone kama mkia na bawa vimelala pamoja. Visukani vya mabawa na vya mkia hufungwa kwa bawaba zisizolegea. Hapa pana adui asiyeonekana mezani. Kisukani chenye ulegevu kidogo hukaa kimya katika mwendo wa pole, lakini kasi ikifika kiwango fulani huanza kupapatika kama bendera katika tufani, na kwa sekunde moja hung'oa bawa zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ndege iendayo kasi, ukuta wenyewe hutapata nafasi ya kuujenga.

Ndipo huja kusawazisha, kazi ile ile iliyomshughulisha Pénaud. Ndege huinuliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, tangi la mafuta likiwa tupu, mpaka ikae wima bila kuinama mbele wala nyuma. Mahali hapo ndipo kitovu cha uzito, nacho hutakiwa kiwe yapata robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele, kama ramani ielezavyo. Tangi huwa tupu kwa sababu limewekwa mbele. Mafuta yakiisha angani uzito hurudi nyuma, na ndege iliyoondoka na utulivu yaweza kurejea na wazimu. Betri husogezwa mbele au nyuma kabla ya kuongeza risasi, kwa kuwa kitu kilichopo tayari hakiongezi mzigo.

Redio nayo hupewa zamu yake. Chombo cha kupokea mawimbi hufungwa katika sponji ili kisisumbuliwe na mtikiso. Mwendo wa visukani hupunguzwa uwe wa milimita chache tu, maana katika kasi ile kusogea kidogo ni amri kubwa. Kisha fundi husukuma kijiti cha kuongozea kulia, akatazama: kisukani cha bawa la kulia chapaswa kuinuka, na cha kushoto kishuke. Wako mafundi hodari walioangusha kazi ya miezi kwa sababu ya kukipuuza kipimo hiki cha sekunde mbili, wakaenda angani kulia kukiwa kushoto. Mwisho, nguvu ya mawimbi hupunguzwa makusudi, na mrushaji hutembea mbali na ndege akiendelea kuamuru, aone kama bado yamsikia. Tena huhakikisha kwamba mawimbi yakipotea injini itazimika yenyewe. Kitu cha karibu kilo 2 kiendacho mita 55 kwa kila sekunde si kichezeo tena. Reginald Denny, mwigizaji wa sinema aliyekuwa na duka la ndege za mfano huko Hollywood, aliligeuza pendo lake hilo kuwa kiwanda, na katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilinunua kwake maelfu ya ndege ziongozwazo kwa redio ili wapiga mizinga wajifunzie shabaha. Kwa hiyo sheria ya nchi huulizwa kwanza, uwanja uwe mbali na watu, na hakuna arushaye juu ya vichwa vya wenzake.

Asubuhi ya kuruka mara ya kwanza huwa tulivu, bila upepo mwingi. Injini huwashwa, msaidizi huachilia, na katika sekunde chache ndege imekuwa alama mbinguni. Mrushaji hana haja ya kasi siku hiyo. Huipandisha juu, akarekebisha visukani kidogo kidogo mpaka iende sawa bila kushikwa, kisha hupunguza nguvu aone jinsi inavyoelea, kwa kuwa itatua injini ikiwa kimya. Kasi huongezwa siku nyingine, baada ya ndege kukaguliwa kila kiungo. Na ikianguka? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vipande huokotwa vyote, hata vidogo, kwa kuwa katika vipande hivyo mna jibu la swali ambalo ndege nzima ilikataa kulijibu.

Huenda msomaji akadhani kwamba kasi ndiyo kipimo cha mwisho cha ufundi huu. Namletea mtu mmoja wa kumjibu. Maynard Hill wa Marekani, mtaalamu wa metali, aliweka rekodi nyingi za ndege za mfano katika maisha yake. Uzeeni macho yake yalififia hata akawa karibu kipofu, na masikio yake yakawa mazito. Hapo ndipo alipoazimia kuivusha bahari ya Atlantiki ndege ya balsa yenye uzito usiozidi kilo 5 pamoja na mafuta yake. Alizijua mbao kwa kuzipapasa. Ndege alizorusha mwaka 2002 zilipotea baharini, na za kwanza za mwaka 2003 zilifuata njia hiyo hiyo. Tarehe 9 Agosti 2003, akiwa na miaka 77, aliitupa kwa mkono wake ndege ya tano kutoka pwani ya Newfoundland nchini Kanada. Chombo kidogo cha kujiongoza kikisaidiwa na setilaiti kiliishika njia juu ya maji usiku na mchana, na baada ya saa 38 na dakika 52 wenzake waliokuwa wakingoja Ireland waliiona ikitokea baharini. Wakaishika kwa redio, wakaitua. Ilikuwa imekwenda kilometa zipatazo 3,030, na mafuta yaliyobaki yalikuwa kidogo sana. Hill alifariki mwaka 2011.

Kutoka mita 40 za bustani ya Paris hadi ng'ambo ya Atlantiki ni miaka 132. Katika muda huo mpira uliosokotwa uligeuka injini, na kijiti kilichokosa mwenyewe kilipata sikio la kusikia amri. Jambo moja halikugeuka. Pénaud, ndugu wa Wright, mapacha wa Kalamazoo na mzee aliyepapasa balsa gizani, wote walitakiwa kutoa kitu kile kile: kipimo cha kweli. Mwalimu aweza kusamehe hesabu iliyokosewa, mzazi aweza kufumba macho, na rafiki aweza kusifu kazi mbovu ili asituumize. Hewa haifanyi lolote katika hayo. Kijana ajifunzaye kuunda kitu kidogo kwa uaminifu, akijua kwamba hakuna atakayemsaidia kitakapotoka mkononi mwake, amekwisha kuanza kuunda kikubwa. Na mtu mzima apitaye njiani, amwonapo mtoto ameinama juu ya waya na karatasi, na asimame kidogo atazame. Yamkini anaitazama kesho.